Kasa wa Kilimani

Siku aliyoripoti kazini, binti alikabidhiwa vitu vitatu: kofia ngumu iliyomzama mpaka kwenye nyusi, kizibao cha kung'aa kilichoshonwa kwa ajili ya mwanamume mwenye kitambi, na jalada la bluu lililoandikwa Mpango wa Mazingira. Kofia aliitia kitambaa ndani ikatulia. Kizibao shangazi yake alikipunguza kwa sindano. Jalada ndilo lililomkosesha raha miezi sita.

Kazi yenyewe ilikuwa kushauri. Kampuni ilikuwa inajenga barabara kuu, njia tatu za kwenda na tatu za kurudi, na ili barabara isipande wala isishuke, kilima kizima kilikuwa kinapasuliwa katikati kama mkate. Binti, ambaye cheti chake cha chuo kilikuwa bado kinanuka wino, alitakiwa kuwashauri wanaume wenye makatapila wasiharibu miti, maji na viumbe hai. Kwenye barua, cheo chake kilikuwa Mshauri Msaidizi wa Mazingira, Daraja la Chini. Wafanyakazi waliliona jina hilo refu kama barabara yenyewe, wakamwita Dada Nyasi, kwa sababu siku yake ya pili alisimamisha katapila lisikanyage majani. Hayakuwa majani, ilikuwa miche ya mti adimu, lakini jina likishamganda mtu ni kama utomvu wa fenesi, utalitoa na nini?

Alikuwa kwenye majaribio ya miezi sita. Mwisho wa mwezi wa sita meneja wa mradi angesaini karatasi moja kati ya mbili: ya kumthibitisha kazini, au ya kumwambia asante sana, kofia irudishe stoo.

Meneja huyo watu walimwita Bosi mbele yake na Wiki Ijayo nyuma yake. Choo cha wafanyakazi kimeziba? Wiki ijayo. Maji ya kunywa yamekwisha? Wiki ijayo. Hakuwa mtu mbaya, ila kulikuwa na vitu viwili tu alivyovijali kwa dhati: ratiba ya kilima na mashati yake. Katika vumbi lile, ambamo hata kunguru walikuwa wekundu, yeye alivaa shati jeupe pe kila siku, limenyooshwa mpaka mikono inasimama yenyewe. Mashati hayo yalifuliwa na dobi mmoja wa bondeni, chini ya kilima. Dobi huyo ndiye shangazi yake Dada Nyasi, na binti aliishi kwake. Hilo Bosi hakulijua. Mashati yalipelekwa na kurudishwa na dereva, na Bosi hakuwahi kujiuliza usafi wake unatoka wapi.

Basi, tuje kwenye jalada. Kila mwisho wa mwezi Dada Nyasi alijaza fomu ya maswali kumi na mawili yaliyotoka mle ndani. La kwanza mpaka la sita yalikuwa maswali ya watu wenye akili zao: vumbi, kelele, takataka, mafuta yaliyomwagika. La saba liliuliza: Je, kuna kasa waliosumbuliwa? La nane: Je, taa za gati zilizimwa wakati kasa wakitaga? La tisa: Je, uzio wa kasa umekamilika?

Kasa ni kobe wa baharini, yule mkubwa mwenye makasia badala ya miguu. Na bahari ilikuwa mbali. Basi likitoka pale alfajiri, abiria wanaiona jioni, tena kama tairi halijapasuka.

Mwezi wa kwanza Dada Nyasi alibisha hodi kwenye kontena lililokuwa ofisi ya Bosi, fomu mkononi.

"Bosi, samahani. Hawa kasa..."

"Wana nini?"

"Ni viumbe vya baharini."

"Najua kasa ni nini, mimi nimesoma."

"Sasa sisi hapa hatuna bahari, Bosi."

"Kwa hiyo wamesumbuliwa au hawajasumbuliwa?"

"Hawajasumbuliwa, lakini..."

"Basi andika hawajasumbuliwa. Mbona unatafuta usumbufu ambao hata kasa wenyewe hawaulalamikii?"

Ukweli wa jambo lile aliupata kwa Mzee wa Stoo, aliyejua kila kitu kwa sababu hakuondoka stoo kamwe, na habari zote zilikuja kuchukua misumari. Makao makuu walikuwa wamebanwa na tarehe. Wakachukua mpango wa bandari moja ya zamani, wakafuta neno bandari kwenye jalada wakaweka barabara, wakaishia hapo. Mpango ukapelekwa kwa wakubwa tisa katika ofisi tatu. Wote tisa wakasaini, na hakuna aliyefika ukurasa wa arobaini, maana mkubwa husoma ukurasa wa kwanza na ule wa kuweka saini. Na mpango ukishapata saini tisa, haubadilishwi herufi mpaka wale tisa wakubali tena. Wawili walikuwa wamestaafu, mmoja alikuwa masomoni ng'ambo, na mmoja alikuwa hasemi na mwenzake.

Kijana aliyekuwa na kazi hiyo kabla ya Dada Nyasi aliyajibu maswali yale bila kujikuna kichwa. Kasa: hakuna aliyesumbuliwa. Taa za gati: zilizimwa. Uzio wa kasa: umekamilika kwa asilimia mia moja. Kisha akapata kazi mahali pengine akaondoka na mwandiko wake mzuri.

Dada Nyasi hakupenda kuandika uongo, na hakupenda kurudisha kofia. Akatafuta njia ya kupita katikati. Swali la saba aliandika: Sijaona. La nane: Hakuna taa ya gati iliyowaka. La tisa: Hali ni ile ile ya mwezi uliopita. Ukiisoma haraka ni ripoti. Ukiisoma taratibu ni ungamo. Bosi aliisoma haraka, akasaini.

Ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa na mchoro wa kasa pamoja na uzio wake. Uzio ulichorwa vizuri, na vipimo vyote. Kasa mwenyewe alikuwa kama sufuria iliyogeuzwa kifudifudi ikaota miiko minne. Dereva wa katapila kubwa, mzee mwenye mvi na mdomo usiopumzika aliyeitwa Babu Katapila, aliuona siku moja akacheka mpaka akashika mlango wa kontena.

"Huyu mnyama anaumwa," alisema. "Mpelekeni hospitali kabla hatujamjengea uzio."

Hivyo ndivyo miezi mitano ilivyopita kwa amani. Kisha rundo likaanza.

Udongo mwekundu uliochimbwa kilimani ulikuwa unamwagwa ubavuni, ukawa rundo refu kuliko nyumba. Hatua mia mbili chini ya rundo hilo ndipo ilipokuwa chemchemi ya bondeni. Zaidi ya kaya mia zilichota hapo, na Shangazi alifulia maji ya hapo hapo. Yalipodondoka manyunyu ya kwanza, manyunyu tu, ya kulowesha kope, maji ya chemchemi yalitoka na rangi ya chai ya maziwa.

Dada Nyasi aliporudi kutoka kazini alimkuta Shangazi amesimama uani, shati limeninginia mkononi kama samaki aliyekufa.

"Njoo uone. Hili ni la bosi wenu. Nimelisuuza mara tatu, na kila nikilisuuza linazidi kufanana na la mwashi."

"Ni tope la kilimani, Shangazi."

"Najua ni la kilimani, halijadondoka mbinguni. Nakuuliza wewe, mtu wa mazingira. Kazi yako kule hasa ni nini?"

"Nashauri."

"Haya. Na leo umeshauri nini?"

Dada Nyasi alitazama viatu vyake. Siku hiyo alikuwa amejaza fomu ya mwezi wa sita, ambayo Bosi aliitaka mapema.

"Nimeandika kwamba... sijaona kasa waliosumbuliwa."

"Kasa gani?"

"Wa baharini."

Shangazi aligeuza beseni, akalikalia. Habari kama ile hakuitaka akiwa wima.

"Mwanangu, kaka yangu kakusomesha miaka kumi na sita ili uwalinde kasa wasigongwe na katapila huku milimani?"

"Ni hadithi ndefu, Shangazi."

"Na wamenusurika wote?"

"Wote."

"Hongera. Sasa hiyo fomu inajazwa wapi, nami niende nikajiandikishe kuwa kasa? Maana naona wanatunzwa kuliko sisi."

Walicheka wote wawili, na Shangazi ndiye aliyenyamaza wa kwanza.

"Haya, tumecheka. Mvua zenyewe haziko mbali, hazizidi siku kumi. Zikilikuta lile rundo liko wazi namna ile, chemchemi inazikwa. Mimi kazi yangu ni maji, sina nyingine. Na hao wenye watoto wadogo watakunywa nini?"

Usiku ule usingizi ulimpitia Dada Nyasi kwa mbali. Asubuhi alikuwa kwenye kontena la Bosi kabla ya Bosi. Alieleza kila kitu: rundo, mteremko, chemchemi, kaya mia. Alieleza kwamba dawa yake ni nyepesi, uzio mfupi wa kitambaa kizito unaopita chini ya rundo, maji yanapenya, tope linabaki.

Bosi alisikiliza huku akikwangua doa kwenye kola.

"Chemchemi ni swali la ngapi kwenye fomu?"

"Halipo, Bosi."

"Basi. Kama haipo kwenye fomu, kwenye mradi haipo. Sina ruhusa ya kutoa kitambaa, vigingi, wala katapila kwa kitu ambacho hakipo. Tutaliangalia wiki ijayo."

"Wiki ijayo mvua zimeshaanza."

"Ndiyo maana tutaliangalia. Litakuwa linaonekana." Akamtazama kwa upole, maana alikuwa akimpenda binti kwa namna yake. "Dada, umebakiza siku tisa za majaribio. Usijitafutie makuu. Halafu nitafutie dobi mwingine, huyu wangu ameanza kuzeeka macho."

Dada Nyasi alitoka nje, akasimama nyuma ya kontena, akatukana kwa sauti ndogo maneno aliyojifunza kwa Babu Katapila.

Na ingeishia hapo, kama barua pepe isingeingia Jumatatu. Benki iliyokopesha mradi ilikuwa inamtuma mkaguzi wa mazingira, angefika Alhamisi. Alikuwa amesoma ripoti zote, iliandikwa, na angefurahi zaidi kuona kwa macho yake uzio wa kasa.

Kelele za Bosi zilisikika mpaka kwenye mashine ya kokoto.

"Dada Nyasi! Uzio uko wapi?"

"Uzio upi, Bosi?"

"Wa kasa! Umekamilika kwa asilimia mia moja, nimesaini mwenyewe!"

"Haujawahi kuwepo, Bosi."

"Lakini wewe kila mwezi unaandika..."

"Hali ni ile ile ya mwezi uliopita."

Bosi alifungua fomu moja, ya pili, ya tatu. Alizisoma taratibu kwa mara ya kwanza. Akakaa.

"Wewe mtoto," alisema, "una hatari."

Kisha akasimama tena, maana hofu haikumruhusu kukaa. "Ujengwe! Ujengwe mpaka Jumatano jioni. Chukua kitambaa, chukua vigingi, chukua Babu Katapila. Upo kwenye fomu, ukurasa wa arobaini na moja, una ruhusa yote unayotaka."

"Ujengwe wapi, Bosi?"

"Popote! Mimi najua kasa wanapenda wapi? Popote pale!"

Dada Nyasi alifungua ukurasa wa arobaini na moja. Alikuwa ameutazama ukurasa ule miezi yote, lakini macho yalikuwa yanamkimbilia yule sufuria mwenye miiko. Safari hii alisoma vipimo. Kitambaa kizito cheusi, kinachopitisha maji. Kimo, kufika goti. Chini kifukiwe shubiri mbili, kasa asichimbe akapita. Vigingi kila hatua mbili. Kipindwe kama mwezi mchanga, tumbo likielekea chini ya mteremko.

Alisoma mara mbili. Halafu akafunga jalada polepole, kama mtu anayefunika chungu asitake majirani wasikie harufu.

"Sawa, Bosi," alisema. "Popote."

Stoo alimkuta Mzee wa Stoo amelala chali.

"Mzee wangu, shikamoo. Nahitaji kile kitambaa cha uzio wa kasa."

"Marahaba. Hakipo. Kimetumika. Soma daftari, uzio umekamilika kwa asilimia mia moja."

"Na hicho ulichokilalia?"

Mzee wa Stoo alijishika chini, kama mtu anayejua jibu lakini anataka kuhakikisha. Mabunda sita, meusi, mapya, yamepangwa vizuri na mto juu.

"Hiki ni kitanda."

"Mzee, kitanda hiki kiliagizwa kwa ajili ya kasa."

"Mwaka mzima sijaona hata mmoja akija kukidai. Mgongo wangu je, ambao unakuja hapa kila siku?"

"Bosi kasema."

"Bosi kasema, Bosi kasema." Alijinyanyua kwa miguno mitatu. "Haya chukua. Lakini uwaambie hao kasa wenu, hapo katikati pana bonde, wakilala upande wa kushoto ndio vizuri."

Jumanne asubuhi Babu Katapila alichimba mtaro chini ya rundo, mwembamba, umepinda kama mwezi mchanga, kutoka ukingo mpaka ukingo. Wafanyakazi kumi walipigilia vigingi. Wote walikuwa na swali moja, na Babu Katapila ndiye aliyelitoa, kichwa nje ya dirisha la mashine.

"Dada Nyasi, hawa kasa watakuja kutoka wapi?"

"Kutoka juu, Babu."

"Huko juu kuna rundo la udongo tu."

"Basi ndio hao."

Babu Katapila alitazama rundo. Akautazama mtaro. Akatazama bondeni, ambako mke wake mwenyewe alikuwa anateka maji kila siku. Mdomo wake, kwa mara ya kwanza tangu mradi uanze, ulifungika. Akazima mashine, akashuka, akachukua koleo kwa mkono wake.

"Fukieni vizuri hapo!" aliwafokea wenzake. "Shubiri mbili imeandikwa! Mnataka kasa wapenye?"

Jumatano mchana vigingi vya mwisho vilikuwa havijapoa nyundo, mbingu zikafunguka. Haikuwa mvua ya kuomba radhi. Ilipiga mabati ya kontena mpaka watu wakaongea kwa mikono, saa mbili mfululizo, na Dada Nyasi akasimama ndani yake pale kwenye uzio, kofia ikimwagikia mabegani, akiangalia tope jekundu linavyoshuka kutoka kwenye rundo kama uji uliofurika jikoni. Lilifika kwenye kitambaa. Likasukuma. Kitambaa kikatoa tumbo. Vigingi vikalia. Na upande wa chini yakaanza kutoka maji, taratibu, meupe.

Alhamisi mkaguzi alifika. Walitarajia mtu wa suti na msafara. Alishuka mzee mmoja mwembamba, miwani minene, viatu vya kutembelea, mwavuli kwapani, na sauti ya chini ya kumfanya kila mtu asogee karibu. Bosi alimpokea amevaa shati lake bora kuliko yote, ambalo kwa sasa lilikuwa na rangi ya waridi hafifu, akawa kama bwana harusi aliyekosea ukumbi.

Ndani ya kontena mkaguzi alifungua jalada, akaenda moja kwa moja ukurasa wa arobaini na moja. Bosi, kwa kutaka kumchangamsha mgeni, aliinamia mchoro akacheka.

"Huyo mchoraji naye! Sijui alitaka kuchora kasa au sufuria. Watu wengine wanapewa kalamu bure."

"Mm," alisema mkaguzi, akafunga jalada. "Twende tukauone uzio."

Sasa, kuna jambo ambalo Dada Nyasi hakuambiwa. Jumatano jioni Bosi alianza kuogopa kwamba uzio mtupu utatia shaka. Akamwita dereva faragha, akamwambia amtafutie kasa. Dereva akasema kasa hapatikani, labda kobe wa kawaida. Bosi akasema kobe, kasa, si ukoo mmoja?

Walipofika kwenye uzio, pale kwenye majani, kulikuwa na kobe. Alikuwa anatafuna kwa utulivu.

"Yule pale, mheshimiwa!" Bosi alinyoosha mkono. "Mmoja wao. Wengine wana aibu."

Dada Nyasi alimtazama kobe, akamtazama Bosi.

Mkaguzi alichuchumaa mbele ya kobe. Wakatazamana, wazee wawili.

"Huyu ni wa nchi kavu."

"Ndiyo, mheshimiwa," alisema Bosi, jasho likimtoka. "Huyu ni... ni kasa wa tawi la barabara."

Mkaguzi alitoa leso, akapangusa tope mgongoni mwa kobe. Zikatokeza herufi nyeupe za rangi ya mafuta, moja baada ya nyingine: MALI YA SHULE.

Hata Babu Katapila aliyekuwa amejisogeza karibu kwa kisingizio cha kutafuta koleo alizisoma herufi zile mara mbili. Bosi alikuwa anatazama mawinguni, kama anayengoja msaada kutoka huko.

Dada Nyasi alijua angeweza kunyamaza. Zilibaki siku mbili. Karatasi mbili zilikuwa juu ya meza ya Bosi, na kalamu moja. Lakini alitazama ule uzio na tope lililokuwa nyuma yake, akaona kwamba akinyamaza utabaki kuwa wa kasa, na uzio wa kasa mgeni akiondoka utang'olewa, urudi kuwa kitanda. Akapiga moyo konde.

"Mheshimiwa, hapa hakuna kasa. Hawajawahi kuwepo. Mpango wetu ulinakiliwa kwenye wa bandari. Uzio tumeujenga juzi, kwa sababu wewe ulikuwa unakuja."

Bosi alitoa sauti ndogo kama ya puto.

"Umejaza fomu hii mara sita," alisema mkaguzi bila kupandisha sauti. "Umeandika taa za gati hazikuwaka."

"Hazikuwaka, mheshimiwa. Hakuna gati."

"Mm. Na uzio huu kama si wa kasa, ni wa nani?"

"Ni wa shangazi yangu."

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nipeleke kwa shangazi yako."

Waliteremka bondeni, kobe akiwa kwapani mwa Babu Katapila. Njiani Dada Nyasi alieleza, na mkaguzi alikuwa anasimama kila mahali: juu ya uzio, tope la kufika goti; chini ya uzio, majani mabichi na vijito vyembamba vya maji safi. Kwenye chemchemi walimkuta Shangazi na mabeseni yake. Maji yalikuwa yanaonyesha kokoto za chini.

Shangazi aliinua macho. Hakumwona mkaguzi, hakumwona hata binti wa kaka yake. Alikuwa ameliona shati.

"Kumbe ndiwe!" alisema. "Nimeifua hiyo kola kwa mwaka mzima, leo naona shingo yake."

Bosi alikakamaa. "Wewe ndiye dobi wangu? Wewe ndiye unayeniharibia mashati?"

"Mimi? Baba yangu, wewe unamwaga tope kule juu, linashuka kwenye maji yangu, halafu unaniletea mashati niyafulie kwa tope lako hilo hilo. Mimi nakurudishia mali yako tu. Sijaongeza hata punje."

Babu Katapila alikohoa kikohozi kirefu sana, akageukia upande wa pili. Mabega yalikuwa yanamtikisika, na kobe naye.

Bosi alitazama chemchemi. Akainua macho taratibu mpaka kilimani, kwenye rundo. Akayarudisha chini, kwenye shati lake la waridi. Ilikuwa kama kumtazama mtu anayejumlisha kwa vidole.

"Lo," alisema.

Mkaguzi alikuwa ameinama, amekinga maji kwa viganja, akanywa. Alipomaliza alikaa juu ya jiwe, akaomba jalada, akafungua ule ukurasa.

"Mchoro huu," alisema, "ni wangu."

Bosi alikaa chini palepale kwenye majani, shati na yote.

"Nilikuwa na umri kama wa huyu binti. Nilikuwa na miezi minne kazini. Nilipewa siku mbili niandike mpango wa bandari, na kasa mwenyewe nilikuwa sijawahi kumwona. Niliambiwa ana makasia." Aliutazama mchoro kwa huruma. "Kweli ni sufuria. Hilo nakubali."

"Na uzio wenyewe, mheshimiwa?" aliuliza Dada Nyasi. "Kule bandarini ulikuwaje?"

"Haukujengwa. Kila mwezi waliniandikia umekamilika kwa asilimia mia moja, na mimi nikiwa mdogo nilisoma haraka." Alinyanyua macho kuelekea kilimani, ambako mstari mweusi ulikuwa umepinda kama mwezi mchanga. "Nimekagua miaka ishirini na nane. Huu ndio uzio wangu wa kwanza kuuona umesimama."

Kisha akawa mkaguzi tena. Alitoa kalamu. Kuanzia siku hiyo fomu itaongezwa swali la kumi na tatu, la chemchemi na madobi wake. Kubadilisha kunahitaji saini tisa, lakini kuongeza kunahitaji yake tu. Uzio ubaki na utunzwe. Rundo lipandwe nyasi lote.

"Na nyasi zitaanza kupandwa lini?" alimuuliza Bosi.

"Wiki i..." Bosi alianza.

"Leo," alisema Shangazi, akikamua shati.

"Leo," alisema Bosi.

Ijumaa alimwita Dada Nyasi kwenye kontena. Juu ya meza kulikuwa na karatasi moja tu, imeshasainiwa, ya kuthibitishwa. Bosi alimpa bila kumtazama sana.

"Ulinianika mbele ya mgeni," alisema.

"Samahani, Bosi."

"Ungeniambia kwamba ni mashati yangu, tangu mwanzo ningeelewa."

Dada Nyasi aliikunja karatasi, akaitia mfukoni. Kuna ushauri ambao hata chuo hakikumfundisha, na huo ndio ulikuwa mmoja wao.

Mashati yalirudi kuwa meupe. Kobe alirudishwa shule na barua ya shukrani yenye muhuri. Mzee wa Stoo alipatiwa godoro, akalalamika kwamba ni laini mno. Na swali la kasa limebaki mpaka leo, kwa sababu wale tisa hawajapatikana, na kila mwisho wa mwezi Dada Nyasi anaandika: Sijaona.

Mwaka uliofuata simu yake ililia akiwa kwenye mtaro. Ilikuwa sauti ya kijana, ya mtu anayeongea akiwa amejificha nyuma ya kontena.

"Samahani, dada yangu, nimepewa namba yako. Mimi ni mshauri msaidizi, nina wiki tatu tu. Tunajenga gati jipya. Sasa kwenye mpango wetu kuna swali la kumi na tatu, linauliza kama uzio wa kulinda chemchemi na madobi wa kilimani umekamilika." Akashusha pumzi. "Dada, sisi tuko ufukweni. Hatuna kilima. Nimezunguka mpaka nimechoka, sijaona dobi hata mmoja. Niandike nini?"

Dada Nyasi alikaa kwenye ukingo wa mtaro, akavua kofia, akacheka mpaka Babu Katapila akazima mashine ili asikie.

"Mdogo wangu," alisema alipopata pumzi, "hao madobi wa kilimani, uzio wao umeruhusiwa vitambaa na vigingi?"

"Umeruhusiwa kila kitu. Saini tisa."

"Vizuri. Na hapo ufukweni penu, kasa wanatagia wapi?"

Kwa mbali, nyuma ya kijana, yalisikika mawimbi.

"Upande wa mashariki, kwenye mchanga. Lakini kwenye fomu yetu kasa hawamo, mtu aliwafuta alipokuwa ananakili mpango wa barabara."

"Kalamu unayo?"

"Ninayo."

"Haya, andika," alisema Dada Nyasi. "Chini kifukiwe shubiri mbili, dobi asichimbe akapita."